Mwendo wa Majani Mawili

Jumapili, 1 Septemba

Nimeolewa! Nilitaka kuanza na neno hilo jana, ila jana Bravin alikuwa hapa na sikuwa na haja ya kalamu. Leo yuko njiani kurudi Marsabit, ambako kampuni yake inachimba visima, na mimi nimebaki na vyumba vyetu viwili vya mabati ambavyo tangu asubuhi vimekuwa vikubwa kama ukumbi siku isiyo na mkutano.

Acha niandike vizuri. Mimi Benter, binti wa muuza mitumba wa soko la Daraja Mbili, ni mke wa Bravin Nyabuto tangu tarehe kumi na nane Agosti. Mke wake! Nimeandika tena ili nione wino unavyokauka. Ameniachia shati lake la bluu bila kulifua, kwa sababu nilimwomba, na asiniulize mtu nalifanyia nini. Atarudi Desemba.

Siku ya harusi kitu kimoja tu kiliniuma. Baba mkwe, ambaye hapa Nyamira sote tunamwita Tata, ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono unamtetemeka, sauti imepungua, na miguu yake hukwama ghafla, hasa mlangoni, kana kwamba imepigiliwa misumari. Nilikuwa ndani ya gari na shela yangu nikingoja kuitwa, nikaona akifika mlango wa kanisa akaganda. Watu walijaa nyuma yake. Wengine walisema polepole mzee, wengine wakasema jamani bibi harusi anangoja. Mwishowe vijana wanne wakaleta kiti, wakambeba juu kama sanduku. Kofia yake ilianguka na hakuna aliyeiokota.

Tangu siku hiyo hajakwenda kanisani, hata hili la hapa karibu na lango letu. Mama mkwe, Mama Orpah, ameniambia kwa maneno machache kama kawaida yake: "Amesema ataingia kwa miguu yake au hataingia tena."

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua. Nimefua kila kitu isipokuwa shati.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo nimezungumza na kuku.

Si mzaha. Mama huondoka kabla hakujapambazuka sawasawa kwenda kuchuma majani chai na hurudi kutoka kituo cha kupimia majani jioni, amechoka. Majirani huzungumza Kigusii mbio, mimi nina kile cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kusalimia. Wananiita mke wa Bravin, wanacheka vizuri, wanapita.

Naye Tata, mtu pekee anayeshinda hapa nyumbani mchana kutwa, ndiye mtu nisiyeweza kukaa naye. Tuna chinsoni, ile heshima ya mkwe ambayo familia hii bado inaishika yote. Simshiki mkono hata kwa salamu. Siingii chumbani kwake. Simtazami usoni. Yeye naye hawezi kuvuka kuja kwenye nyumba ya mwanawe. Mwisho wake ni pale kwenye safu ya maua kati ya ua wao na wetu. Kwetu pia, upande wa ziwani, kuna heshima ya wakwe, lakini nimelelewa mjini ambako kila mtu humshika kila mtu. Bravin alinieleza haya yote akinibusu kidole kimoja kimoja kwa kila sheria. Nilikubali sheria nyingi sana siku hiyo!

Kwa hiyo tunakaa, Tata kwenye veranda yake, mimi kwenye mlango wangu, kila mmoja akiangalia mvua yake.

Jumanne, 10 Septemba

Bravin amepiga simu! Amesema, "Mke wangu," kisha mtandao ukakatika. Maneno mawili. Nimeyala pamoja na ugali.

Jumatano, 18 Septemba

Tumekwenda Kisii mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Tata, Mama na mimi wa kubeba mfuko. Mtaalamu ni dada mdogo anaitwa Natasha, anacheka kwa urahisi. Alimwambia Tata atembee ukumbini. Tata alienda kwa hatua ndogo, akikokota viatu, akafika mlangoni, akakwama. Mama akamvuta mkono.

"Usimvute, Mama," Natasha akasema. "Ukimvuta, mwili unakuja, miguu inabaki."

Akaweka simu yake juu ya kiti. Simu ikaanza kulia, ti, ti, ti, ti. Akamwambia Tata akanyage kila inapolia. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili, Mungu wangu, mguu uliinuka! Kisha mwingine. Tata alivuka kizingiti kile kama mtu anayeruka mfereji mdogo.

Natasha alieleza kwamba sisi wengine tuna mpigo ndani ya ubongo, unaoiambia miguu sasa, sasa, sasa, bila sisi kufikiri. Wa Tata umefifia. Lakini sikio lake ni zima, na mpigo ukitoka nje ukaingia sikioni, miguu inaweza kuufuata. Hauponyi ugonjwa, alisema, dawa aendelee nazo. Ila unaweza kumvusha mlangoni. Akaongeza: "Kwanza msikilize anavyotembea mwenyewe. Umpe mwendo wake, si wako." Nilikuwa nikitazama viatu vya Tata kwa furaha na sikulishika neno hilo sana.

Tukapitia Daraja Mbili nikamwona mama yangu dakika chache. Alinishika mashavu mbele ya wateja wake. "Nyathina, mwanangu, umekonda," akasema. Nilimwambia ni mapenzi. Alicheka, lakini alinitazama hadi nikapotea kwenye watu.

Ijumaa, 20 Septemba

Mama ameweka kile kidude kwenye simu ya Tata. Kimelia asubuhi nzima. Jirani yetu Machogu, rafiki wa Tata tangu wakiwa wavulana, alisimama langoni akacheka hadi akashika mti.

"Nyabuto, umemeza saa?"

"Nimemeza," Tata akajibu kwa ile sauti yake ndogo. "Na wewe ukinikaribia nitalia saa sita."

Machogu alipoondoka, Tata akaizima simu. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba yeye si saa ya ukutani. Mama akasema basi kaa hapo. Akakaa hapo.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Bravin kimya. Nimelala na shati.

Jumapili, 29 Septemba

Nimegundua kitu na hakuna mtu wa kumwambia, nakuambia wewe karatasi!

Nilikuwa nasugua sufuria nje, nikiimba bila kufikiri, mambo ya shuleni, ule wimbo wa hatua tuliokuwa tukitembea nao tukitoka gwarideni. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikasikia kitu nyuma yangu. Sikugeuka, kwa heshima. Lakini kwenye tako la sufuria mpya linalong'aa nilimwona Tata ameinuka kwenye kiti chake, anatembea verandani. Anatembea! Mguu unainuka na kushuka, mkono wa kulia umekunjwa kama askari.

Nilinyamaza kwa mshangao. Naye akasimama papo hapo.

Nikaanza tena. Akaanza tena.

Jioni nilimwuliza Mama kwa nini Tata anakunja mkono vile. Akasema kwamba kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa gwaride wa Watafuta Njia, vijana wa kanisa letu. "Alikuwa akiwapigisha hatua hadi barabara inaona haya," akasema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tumetembea. Mimi kwangu, yeye kwake. Naimba nikifagia, anakwenda hadi tangi la maji na kurudi. Hatuangaliani. Sijui kama hili linaitwa kuzungumza.

Jumanne, 8 Oktoba

Hadi mgomba wa kwanza!

Jumapili, 13 Oktoba

Bravin alipata mtandao, tukaongea hadi bando lake likaisha. Nilimwambia kuhusu gwaride. Nikadhani simu imekatika, kumbe alikuwa analia, mpenzi wangu, mwanamume wangu mrefu. Akasema, "Benter, nikirudi Desemba tuingie naye kanisani Sabato moja, sisi sote." Nimemwahidi. Najua nimeahidi miguu ya mtu mwingine, lakini ungesikia sauti yake na wewe ungeahidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nitaandika yote.

Mama alikuwa amekwenda kituoni na majani. Mawingu yalikuwa meusi lakini hayajaanguka. Tata alifika tangini, akafika kwenye mgomba, na kwa mara ya kwanza akaelekea lango. Niliona mabega yake yamenyooka, nikaona karibu tabasamu, nami nikalewa furaha. Niliimba kwa nguvu. Niliimba haraka, kama tulivyoimba siku ya mashindano ya kaunti, na nikapiga makofi juu yake. Nilitaka afike lango. Nilitaka kumwandikia Bravin usiku huu kwamba amefika lango.

Hatua zake zikawa ndogo. Kisha ndogo na za haraka. Mwili ukainama mbele na miguu ikawa inaukimbiza mwili, tap tap tap tap, na mimi mjinga nikadhani anakimbia kwa furaha. Alianguka ubavu kwenye udongo mwekundu. Na mvua, kana kwamba ilikuwa inangoja ishara, ikafunguka.

Nilikimbia hadi kwake nikanyoosha mikono.

"Usiniguse," akasema.

"Tata, mvua!"

"Naiona. Usiniguse. Mwite mtu."

Nilikimbia barabarani. Hakuna mtu, kila mmoja amejificha mvua. Kwa Machogu, mlango una kufuli; amekwenda Suneka kwa binti yake. Nikarudi. Tata alikuwa amelala vilevile, maji yanapita chini ya shavu lake, na kofia, ile kofia ya harusi, imeelea hadi kwenye mizizi ya mgomba. Mara hii niliiokota.

Ningeweza kumwinua. Mzee amekuwa mwepesi, naona nguo zake kwenye kamba. Lakini alikuwa na kitu kimoja tu ambacho ugonjwa haujamchukulia, nacho ni kuwa mkwe wangu mwenye heshima zake, na alikuwa anakishika kwa meno. Nilifungua leso yangu kiunoni, nikaikunja ikawa kamba, nikamtupia ncha moja. Aliitazama. Kisha akaishika kwa mkono mzima. Nilizungusha ncha yangu kwenye shina la mti wa mapera, nikavuta. Akapiga goti. Akateleza. Akapiga goti tena. Nikawa nasema tu, vuta, pumua, vuta, pumua, polepole kama mtu anayebembeleza mtoto, na kwa mwendo huo akasimama.

Hapo ndipo Mama alipoingia langoni na kikapu kitupu kichwani. Aliona mumewe amejaa tope na mimi nimeshika kamba.

"Umemfunga kama ndama?" alisema. "Mzee wangu umemfanya ndama?"

"Mama, alianguka, nilikuwa naimba na—"

"Naimba! Makofi yako yalisikika hadi kituoni. Nani alikwambia huyu bado ni wa gwaride?" Alimshika Tata kiunoni, akamwingiza ndani. Mlangoni Tata alikwama, Mama akamvuta, na nikasikia viatu vikikwaruza saruji. Kisha akatoa kichwa. "Nisisikie wimbo tena katika boma hili."

Umpe mwendo wake, si wako. Sasa ndiyo nalikumbuka neno la Natasha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hakuvunjika mahali. Ni ubavu tu unauma. Namshukuru Mungu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kanisani Mama alikaa benchi la mbele yangu. Nimehubiriwa na mgongo wake.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tata hajakwenda mbali zaidi ya mlango wake. Kutoka hapa ndani nasikia viatu vinaanza, vinakokota, vinakwama. Kisha kimya, kirefu, hadi Mama aje amvute au yeye mwenyewe aketi. Mimi nimekaa kitandani na mdomo nimeufunga kwa mkono. Sikujua kwamba upweke una sauti, na kwamba sauti yenyewe ni viatu vya mtu mwingine vimesimama.

Bravin amepiga simu. Mama alikuwa amemweleza. Alisema, "Benter, hayo mambo ya Tata mwachie Mama." Hakusema kwa ukali. Lakini alisema kama mtu aliye mbali anayetaka nyumbani kukae kimya ili afanye kazi. Nikasema sawa. Nilitaka aniulize kama mimi nililowa. Nampenda, nampenda hata leo jioni, ila kwa mara ya kwanza nimelikunja shati nikaliweka sandukuni.

Jumatano, 6 Novemba

Mama amesimama mlangoni kwangu asubuhi na kikapu cha pili. "Majani yamezidi. Njoo." Basi.

Nilivaa gambuti za Bravin, zinanipwaya, nikamfuata. Chai yetu ni kipande kidogo kwenye mteremko, na ukungu ulikuwa umekaa juu yake kama maziwa. Mama alinionyesha mara moja: majani mawili na chipukizi moja, usichukue la tatu, limekomaa. Kisha akaingia kwenye mstari wake na mimi kwenye wangu.

Nilikuwa naangalia mikono yake ili nijifunze. Hakuwa anaitazama. Macho yake yalikuwa mbali, kwenye mabati ya nyumbani, na mikono ilikuwa inakwenda peke yake. Chuma, chuma, tupa. Chuma, chuma, tupa. Haikuongeza mwendo wala haikupunguza. Nilianza kusema kimoyomoyo, mawili na moja, mawili na moja, na gambuti yangu ikaanza kukanyaga chini ya kichaka. Nilikuwa naujua mwendo huu. Nimeusikia kila siku kupitia ukuta, kabla viatu havijakwama.

"Mama, Tata alikuwa akichuma?"

"Mstari huo ulimosimama. Miaka yote kabla ya ugonjwa."

"Alikuwa mwepesi?"

Alifikiri. "Alikuwa mvivu. Alikuwa akinifuata mikono ili asiachwe nyuma. Nikiongeza, anaongeza. Nikimwona amechoka, napunguza bila kumwambia." Kisha akacheka! Mama Orpah alicheka, kifupi, kama mtu aliyekanyaga kitu. "Anadhani sikujua."

Nilimwambia. Nilijikwaa kwenye maneno, Kiswahili chote kilinitoka, lakini nilimwambia: mwendo wa mikono yako ndio mwendo wa miguu yake, Mama, mimi nilimpa wa kwangu ndiyo akaanguka. Aliendelea kuchuma. Nikadhani nimeharibu tena. Tulipofika mwisho wa mstari akasema, bila kunitazama, "Siku ile ulilowa sana. Nilipaswa kukuletea chai."

Nililia ndani ya kikapu. Sijui kama kule kituoni walipima na machozi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama amejaribu mwenyewe. Alimsimamisha Tata, akaanza kusema mawili na moja. Tata akaenda. Lakini Tata akiyumba, Mama anaogopa, na akiogopa maneno yanakimbia, na Tata naye anakimbia nayo. Wakasimama wote wawili wakihema.

"Mokamwana," Mama akaita kuvuka maua. Mke wa mwana, ndilo jina langu kwa Kigusii, na hajawahi kuniita kwalo. "Imba wewe. Polepole."

Niliimba kutoka mlangoni kwangu, nikiwa nimewapa mgongo.

Mawili na moja, mama anachuma,
mawili na moja, ukungu unapanda.

Nimeutunga mwenyewe. Si mzuri. Ulimfikisha tangini na kumrudisha.

Jumapili, 17 Novemba

Mgomba.

Alhamisi, 21 Novemba

Alikwama mlangoni kwake. Sikuona, nilisikia. Niliimba nikiwa nimeinamia unga, na viatu vikavuka.

Jumapili, 24 Novemba

Lango! Ameligusa kwa mkono. Machogu alikuwa upande wa pili akampigia saluti, na Tata akamwambia ajifunge kifungo cha shati kwanza.

Nilikuwa nimerekodi kwa simu, hatua tu juu ya changarawe, nikamtumia Bravin bila neno. Amejibu jioni: "Huyo anayetembea ni nani?"

Nilimwandikia, baba yako.

Alipiga simu. Akasema, "Samahani, Benter. Sikukuuliza hata kama uliumia." Nimelitoa shati sandukuni.

Jumanne, 10 Desemba

Tata amesema: Sabato ya tarehe ishirini na moja, Bravin akiwepo. Mama amempigia pasi suti. Mpango ni huu: mimi nitakuwa ndani kwenye mabenchi ya wanawake, karibu na mlango, na akifika kizingitini nitaimba kwa sauti ya chini. Makofi hayafai kanisani kwetu, wala ngoma. Sauti inatosha. Nimeosha nyumba yote. Anakuja! Zimebaki siku chache na mimi ni bibi harusi tena!

Alhamisi, 19 Desemba

Haji. Mtambo umekwama chini ardhini na hawawezi kuuacha. Labda Februari. Alilia yeye, nikambembeleza mimi. Kisha nikakaa na kitanda nilichokitandika.

Mama alikuja hadi ndani, akaketi kwenye stuli. Hakusema pole. Alimenya ndizi zangu zote, akanipikia, akaondoka.

Ijumaa, 20 Desemba

"Tata amesemaje?" nilimwuliza Mama.

"Amesema suti imeshapigwa pasi."

Jumamosi, 21 Desemba

Nilitangulia kanisani kama tulivyopanga. Sauti ilikuwa imekauka tangu juzi kwa kulia, lakini ilikuwepo. Kupitia dirishani niliwaona wakija kwenye njia, Tata na mkongojo na kofia yake, Mama pembeni na mwavuli uliokunjwa, hamshiki. Niliona midomo ya Mama ikicheza. Walikuwa wanakuja vizuri. Walikuwa karibu kufika wakati uleule tuliokuwa tumepanga, katikati ya wimbo wa kanisa, ili sauti yangu ifichwe.

Wimbo ukaisha kabla hawajafika. Mzee wa kanisa akasema, tupige magoti tuombe.

Kanisa lote likashuka. Kimya kabisa, sauti moja tu ya maombi, na mimi nimepiga magoti nimefumba macho kama wote. Nikasikia viatu vya Tata kwenye ngazi. Kimoja. Kingine. Vikafika kizingitini.

Vikakwama.

Siwezi kuimba juu ya maombi. Siwezi kupiga makofi. Maombi yaliendelea, yakapita wagonjwa, yakapita wasafiri, na nilijua kwamba mara tu mzee atakaposema amina vichwa vyote vitageuka, na watamwona tena amesimama mlangoni, na kijana mmoja mwenye moyo mzuri atakwenda kutafuta kiti.

Tok.

Nilifungua jicho moja. Mungu anisamehe. Mama alikuwa amesimama kando ya Tata, na ncha ya mwavuli wake iko kwenye saruji. Tok. Alikuwa na hofu, niliiona shingoni. Nikangoja mwendo wake ukimbie. Lakini Mama alifumba macho, na uso wake ukawa ule wa kwenye mteremko, wa mbali, na mkono ukaanza kwenda peke yake. Tok, tok, na pumziko. Tok, tok, na pumziko. Mawili na moja.

Kiatu cha kulia kikainuka. Kikavuka. Cha kushoto kikakifuata.

Alikwenda hadi benchi la mwisho la wanaume, akageuka kwa hatua ndogo ndogo zake, akaketi. Alivua kofia akaiweka gotini. Kisha mzee akasema amina, watu wakainuka, wakamkuta Nyabuto amekaa kama aliyekuwepo tangu asubuhi.

Hakuna aliyemwona akiingia. Mimi tu, na jicho langu la dhambi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Hakuna mvua, anga limefuliwa. Nimepika chapati nyingi kupita kiasi kwa mtu mmoja, nyingine nimempelekea Mama. Bravin alipiga simu mapema, tukaimbiana, mtandao ukamchukua. Nimemkosa hadi kwenye vidole.

Nilikuwa nasuka mkeka mlangoni nikasikia viatu. Sikuinua macho. Vilitoka verandani, vikapita tangi, na havikuelekea lango. Vilikuwa vinakuja upande wangu. Vikaja, vikaja, na kwenye safu ya maua vikasimama.

Mama alikuwa kwa Machogu. Nikaacha mkeka, nikaanza mara moja kuimba polepole, jinsi nilivyojifunza: mawili na moja, mawili na...

"Wacha, mokamwana," Tata akasema. Niliinua macho kidogo tu, hadi kwenye kofia aliyoishika kifuani. "Sijakwama. Hapa ndipo mwisho wangu, nimesimama mwenyewe."